V.Y. Mudimbe: mhakiki aliyeuliza nani ameandika habari za Afrika, na swali lake linavyogusa Fizi na Ubwari

Aprili 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walitoka Ujiji kwa mitumbwi wakielekea kaskazini ya ziwa Tanganyika. Walikuwa wanatafuta mto Rusizi, wapate kujua kama unaingia ziwani au unatoka. Njiani walipita Ubwari. Burton aliporudi kwao aliandika kitabu, kikatoka mwaka 1860, na ndani yake Ubwari ni kisiwa.

Watu wa Ubwari walijua vizuri kwamba mtu akishika njia kwa miguu anafika bara bila kupanda mtumbwi. Lakini wao hawakuandika kitabu. Ilibidi kungoja mwaka 1876, Henry Morton Stanley alipozunguka ziwa, ndipo ramani za Ulaya zikaanza kusema kwamba Ubwari ni ulimi wa udongo ulioshikamana na nchi kavu. Na Stanley, huku akisahihisha, akalipa lile ghuba jina la Burton, yaani jina la yule aliyekosea. Jina hilo liko kwenye ramani nyingi hadi leo.

Kosa la ramani ni jepesi kuliondoa. Lakini wasafiri, maofisa na wamisionari waliandika mambo mengine mengi juu ya watu wa huku: dini yao, sanamu zao, akili zao, nani ni kabila gani na nani alifika lini. Hayo hayakusahihishwa kwa haraka hivyo, na mengine bado watu wanayatumia. Mkongomani mmoja alitumia maisha yake yote kuyachunguza. Anaitwa Valentin-Yves Mudimbe, aliyefariki Marekani mwezi wa Aprili 2025 akiwa na miaka 83. Kwenye iniversite nyingi za dunia jina lake linajulikana. Huku mashariki ya Kongo, nje ya shule kubwa, wengi hawajawahi kulisikia.

Mudimbe ni nani?

Alizaliwa Desemba 1941 Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, kule Katanga. Akiwa mtoto bado mdogo aliingia seminari, na huko akalelewa kwa Kilatini, Kifaransa na kengele ya sala. Baadaye alikuwa mtawa wa Wabenedikto kwenye monasteri ya Gihindamuyaga, Rwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 aliacha utawa, akaenda kusoma Lovanium, Kinshasa, kisha Louvain kule Ubelgiji, alikopata udaktari mwaka 1970.

Alirudi nyumbani kufundisha, na kwa miaka mingi alikuwa Lubumbashi. Wakati wa ile siasa ya kurudia uasilia ya Mobutu, majina ya Kikristo yalikatazwa, naye akajiita Vumbi Yoka. Vitabu vyake vingi vina herufi mbili tu, V.Y., ambazo zinafaa kwa majina yote mawili. Utawala ulipotaka kumwingiza katika Kamati Kuu ya chama cha MPR, yeye alichagua kuondoka. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 aliishi Marekani, akafundisha Haverford, Stanford na Duke.

Aliandika mashairi, riwaya na vitabu vya falsafa. Lakini kazi iliyomfanya ajulikane ni ya uhakiki, yaani kusoma maandishi ya wengine na kuyapima: nani ameandika, alimwandikia nani, na alitumia macho ya nani. Kitabu chake kikubwa, The Invention of Africa, kilitoka mwaka 1988. Jina hilo kwa Kiswahili ni kama kusema "Afrika iliyobuniwa". Mwaka 1989 kilipewa zawadi ya Herskovits, inayotolewa Marekani kwa vitabu bora juu ya Afrika.

"Maktaba ya kikoloni" ni kitu gani?

Neno hili ndilo ufunguo wa mawazo yake. Mudimbe anaposema maktaba ya kikoloni, haongei juu ya nyumba yenye rafu. Anaongea juu ya maandishi yote yaliyokusanywa kwa karne nyingi: safari za akina Burton na Stanley, ripoti za maofisa, barua za wamisionari, vitabu vya wataalamu wa makabila, ramani, picha. Kila mwandishi alikuwa anamsoma aliyemtangulia, akaongeza la kwake. Mwishoe ikatengenezwa sura moja ya Afrika: ya zamani, ya giza, isiyobadilika, inayongoja mtu wa nje aifungue macho.

Anatoa mfano wa picha moja iliyochorwa mwaka 1508 na Mjerumani Hans Burgkmair. Burgkmair hakufika Afrika. Alipata habari za safari ya mfanyabiashara mmoja, akachora watu weusi. Lakini ukiangalia vizuri, miili ile ni ya watu wa Ulaya waliopakwa rangi nyeusi, na ni nywele na mapambo tu yanayowatofautisha. Mchoraji alitumia mifano aliyoijua nyumbani. Kwa Mudimbe, waandishi wengi waliofuata walifanya vilevile kwa maneno: walichukua mizani ya kwao, wakaivika ngozi ya Afrika.

Anaeleza pia kwamba ukoloni ulifanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ilikuwa kushika udongo. Ya pili, kugeuza akili za wenyeji. Ya tatu, kuingiza uchumi wa wenyeji ndani ya uchumi wa Ulaya. Bunduki peke yake isingetosha. Ilihitajika pia kalamu, ya kueleza kwa nini mambo yawe hivyo.

Je, tuchome basi vitabu hivyo? Mudimbe hasemi hivyo. Anasema jambo gumu zaidi: hata Mwafrika anayepinga ukoloni mara nyingi anapinga kwa maneno aliyoyakuta ndani ya maktaba ileile. Katika kitabu chake L'odeur du père cha mwaka 1982, jina lake likiwa na maana ya "harufu ya baba", anaonyesha kwamba baba anaweza kuwa ameshaondoka nyumbani na harufu yake bado iko kwenye nguo. Anayetaka kuwa huru lazima kwanza ajue harufu hiyo imeingia wapi.

Huku Fizi jambo hili haliko mbali. Katika mizozo ya udongo na ya utawala wa kimila, si mara moja watu wametoa ramani au ripoti ya wakati wa Wabelgiji kuonyesha nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Karatasi inasomwa kama hukumu. Ni watu wachache wanaouliza ofisa yule alipata wapi habari zake, alikuwa anasema na nani, na serikali yake ilikuwa na faida gani kugawa watu namna hiyo. Mudimbe hamwambii mtu yeyote kwamba karatasi ya upande wake ni ya uongo. Anaomba tu kwamba karatasi yenyewe ihojiwe kama shahidi mwingine yeyote anavyohojiwa.

Sanaa: toka lubunga hadi kwenye kioo cha makumbusho

Babembe wanajulikana duniani kwa sanamu za mababu na vinyago vyao. Kile cha chama cha Alunga, chenye nyuso mbili, moja mbele na moja nyuma, na macho makubwa, kimepigwa picha katika vitabu vingi vya sanaa. Hata hivyo, wazee waliokitengeneza hawakukiita sanaa. Kilikuwa na mwenyewe, na siku yake, na watu walioruhusiwa kukikaribia. Kazi yake haikuwa kupendeza macho.

Mbelgiji Daniel Biebuyck, aliyefanya utafiti kwa Babembe na Balega mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950, aliandika sana juu ya mambo haya, hasa juu ya Bwami. Chama hicho kilikuwa kama shule ya maisha, chenye vyeo vya kupanda hatua kwa hatua, methali zake na vitu vyake vya mikono. Kazi yake inaheshimiwa. Lakini wakati ni wakati: mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilikuwa imeuvunja Bwami kisheria. Kwa hiyo, katika miaka ileile, mkono mmoja wa ukoloni ulikuwa unaukataza Bwami, na mkono mwingine unaandika habari zake na kupeleka vitu vyake Ulaya.

Mudimbe alishika swali hili kwa jumla. Aliuliza: kitu cha kijiji kinageukaje kuwa "sanaa ya Afrika"? Jibu lake ni kwamba kwanza kilichukuliwa kama kitu cha ajabu, halafu kikawekwa kwenye makumbusho kama ushahidi wa maisha ya watu wanaoitwa wa nyuma, na baadaye tu, wachoraji na wafanyabiashara wa Ulaya walipokipenda, kikaitwa sanaa na kupata bei. Kinyago ni kilekile. Kilichobadilika ni nani anakiangalia na anakitaka kwa kazi gani.

Alitoa pia mfano wa Lubumbashi. Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua pale karakana ya uchoraji iliyoitwa Le Hangar. Wakatoka humo wachoraji wenye jina kama Pilipili Mulongoy, Bela na Mwenze Kibwanga. Desfossés hakutaka kuwafundisha mbinu za Ulaya, akiogopa kuharibu kile alichokiona kuwa asili yao. Mudimbe anasifu kazi za wachoraji hao. Lakini anaonyesha kwamba hata wazo la "asili ya Mwafrika" lilikuwa la mwalimu wao. Kumbe mtu anaweza kukufunga kwa kukuamuru umwige, na anaweza pia kukufunga kwa kukuamuru ubaki kama anavyokuwazia.

Neno alilochagua kwa kazi ya msanii wa leo ni la Kifaransa, reprendre. Kwa Kiswahili tunaweza kusema "kushika tena". Kushika tena kazi iliyokatizwa, bila kujidanganya kwamba hakuna kilichotokea katikati. Kusimama kidogo, kuipima, kuona nini bado kina nguvu na nini kimekufa, halafu kuendelea na vyombo vya leo. Ndiyo maana aliwapa heshima pia wachoraji wa mitaani, ambao wataalamu wengine waliwadharau. Mmoja wa wachoraji wa namna hiyo ni Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi, aliyechora katika miaka ya 1970 karibu picha 100 za historia ya nchi na kuzieleza kwa Kiswahili cha Katanga kwa mtafiti Johannes Fabian. Hakungoja profesa amwandikie historia. Aliichora, akaisema kwa lugha ya sokoni.

Fasihi: padri ndani ya maki

Riwaya ya kwanza ya Mudimbe, Entre les eaux, ilitoka mwaka 1973. Inasimulia padri Mkongomani anayeitwa Pierre Landu. Landu anaona kwamba Kanisa limekaa upande wa wenye nguvu, anaacha parokia yake na kuingia maki pamoja na waasi. Lakini kule porini hawamwamini kabisa, naye hawezi kuvua elimu yake na upadri wake kama mtu anavyovua shati. Mwishoe anaondoka, na safari yake inaishia monasterini. Jina la kitabu linamaanisha "kati ya maji": mtu asiye ng'ambo hii wala ile.

Kitabu hicho hakitaji Fizi. Lakini ni sehemu chache za Kongo zinazoweza kukielewa kama hapa. Katika mwaka 1965 Che Guevara alikaa kwenye milima ya Fizi toka Aprili hadi Novemba, pamoja na waasi wa upande wa Laurent-Désiré Kabila. Baada ya 1967, chama cha Kabila, PRP, kiliendelea na maki yake huko kwa miaka mingi. Familia nyingi zinajua maana ya kuwa na mtoto porini na mwingine parokiani.

Na iko siku ya tarehe 28 Novemba 1964. Siku hiyo, Baraka, waliuawa na waasi Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, na Fizi wakauawa Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert. Watatu wa kwanza walikuwa Waitaliano wa shirika la Wasaveri. Wa nne alikuwa mtoto wa huku, mwenye mama Mwafrika na baba Mfaransa. Tarehe 18 Agosti 2024, wote wanne walitangazwa wenyeheri Uvira, katika misa iliyoongozwa na Kardinali Fridolin Ambongo.

Riwaya ya Mudimbe haihukumu wafu hao, wala haitetei waliowaua. Inafanya kazi nyingine. Inaingia ndani ya kichwa cha mtu aliyekaa kwenye swali moja zito: Injili iliyofika pamoja na bendera ya mgeni, inaweza kuwa ya maskini wa hapa? Landu anajibu kwa kuhama, na kuhama hakumponyi. Msomaji wa Fizi anaweza kumkasirikia, anaweza kumhurumia. Ila hawezi kusema kwamba swali ni la kubuni.

Riwaya nyingine, L'écart ya mwaka 1979, inarudi kwenye maktaba. Kijana Mwafrika, Ahmed Nara, yuko Paris akiandika tezi juu ya Wakuba wa Kasai. Anataka kuandika historia ambayo haikuchafuliwa na maneno ya wengine. Hafiki mwisho, kazi inamvunja akili na anakufa. Kwa mwanafunzi wa leo wa Baraka au Uvira anayeandika kazi yake ya mwisho juu ya mila za kwao, na anayekuta kwamba vitabu karibu vyote viliandikwa na Wazungu, hilo ni onyo. Kukimbia maktaba hiyo haiwezekani, na kuinamia hakufai. Kilichobaki ni kuisoma huku ukiihoji.

Dini: kucheka, kukanusha, kuamuru

Mtu akisikia kwamba Mudimbe aliacha utawa na kuwachambua wamisionari, anaweza kudhani alikuwa adui wa dini. Haikuwa hivyo. Kanisa ndilo lililomlea na kumsomesha, na alilirudia katika vitabu vyake hadi uzeeni, kwa mfano katika Tales of Faith cha mwaka 1997. Alitaka kuelewa jinsi neno la imani linavyofanya kazi pia kama neno la utawala.

Aliona hatua tatu katika maneno ya wamisionari wa zamani. Kwanza walicheka: mizimu ya wenyeji ilifanywa kitu cha kuchekesha. Halafu walikanusha, wakitoa hoja kwamba imani hizo hazina msingi. Mwishoe waliweka sheria: mwongofu afuate desturi mpya bila kupinda. Katika hatua zote tatu, aliyekuwa anaongea ni mmoja. Yule mwingine alikuwa anaongelewa.

Katika The Idea of Africa, kitabu cha mwaka 1994, alichukua mfano kutoka ziwa letu hili: misioni ya Mpala, kusini ya Kalemie. Mpala ilianzishwa mwaka 1883 na ofisa Mbelgiji Émile Storms. Mwaka 1884 watu wa Storms walimuua chifu Lusinga na kumkata kichwa. Storms alipeleka fuvu Ubelgiji, pamoja na sanamu ya babu iliyokuwa ya Lusinga. Sanamu hiyo iko katika makumbusho ya Tervuren. Mwaka 1885 kituo kilipewa Mapadri Weupe, na mwaka 1887 akafika Kapiteni Joubert, askari Mfaransa, kuwalinda. Mapadri walewale walikuwa wameshafungua Kibanga, kando ya ghuba la Ubwari.

Mudimbe anaonyesha kwamba misioni haikuleta sala tu. Ilipanga upya nafasi: kanisa katikati, nyumba kwa mistari, waongofu mbali na wengine. Ilipanga upya siku kwa kengele. Ilipanga upya kumbukumbu pia, kwa sababu watoto waliokombolewa utumwani na kulelewa pale walianza kuhesabu historia yao tangu misioni, si tangu mababu. Ni hapo matokeo yanapokuwa ya pande mbili. Watoto wale waliponywa kweli toka mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa. Na kweli pia walitengenezwa kuwa watu wa aina mpya, kwa mpango ambao wazazi wao hawakuulizwa. Kapiteni Joubert alioa mwanamke wa huku na akafia huku, mwaka 1927. Padri Albert aliyeuawa Fizi mwaka 1964 ni mtoto wake. Historia ya ziwa haikubali kugawanywa kwa urahisi kati ya "wao" na "sisi".

Kwa jicho hilohilo alimsoma Padri Placide Tempels, Mbelgiji aliyefanya kazi Katanga na kuandika mwaka 1945 kitabu juu ya falsafa ya Wabantu. Wakati ule kusema kwamba Mwafrika ana falsafa kulikuwa tendo la ushujaa, na Mudimbe analikubali hilo. Lakini anakumbusha kwamba Tempels aliwaandikia wakoloni wenzake, ili wajue namna bora ya kuwaongoza na kuwaongoa watu.

Wanaomkosoa wanasema nini?

Lawama ya kwanza inatoka kwa wasomaji wa kawaida, hata wa iniversite: Mudimbe ni mgumu. Sentensi zake ni ndefu, zimejaa Wagiriki, Walatini na wanafalsafa Wafaransa. Mtu anayesema Afrika isikilizwe anaandika kwa namna ambayo Waafrika wengi hawawezi kumsikia. Hakuandika vitabu vyake kwa Kiswahili, ingawa alikulia na kufundisha katika miji inayoongea Kiswahili.

Lawama ya pili ni ya wataalamu. Mwanafalsafa Mkenya D.A. Masolo, katika kitabu chake cha mwaka 1994, alisema kwamba Mudimbe anavunja nyumba ya Mzungu vizuri sana, lakini haonyeshi vya kutosha namna Waafrika watakavyojenga ya kwao.

Ya tatu inaweza kutoka Ubwari yenyewe. Maktaba ya Mudimbe ni hasa ya Wazungu na Wakristo. Anamchunguza kweli Edward Blyden, aliyesifu Uislamu katika kitabu chake cha mwaka 1887. Lakini hapa ziwani Uislamu ulifika kwa wafanyabiashara toka pwani, pamoja na Kiswahili, na pamoja na biashara ya watumwa. Huo nao ulileta maneno yake juu ya nani ameelimika na nani mshenzi. Neno "mshenzi" halikuletwa na Wabelgiji. Ukitumia maswali ya Mudimbe sawasawa, hata maktaba hiyo nyingine lazima ihojiwe.

Inabaki kazi gani huku?

Mwaka 2022 Ubelgiji ilipitisha sheria inayofungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Mwezi wa Juni mwaka huo, mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kikiwa mkopo usio na mwisho. Mwaka huohuo, sanamu ya Storms iliondolewa kwenye uwanja mmoja wa Brussels. Mambo yanasogea, ingawa polepole.

Tuseme basi kwamba siku moja vinarudi pia vitu vya Babembe. Nani atavipokea? Makumbusho ya Kinshasa, mbali na ziwa? Machifu wa kimila? Familia ambazo babu zao walikuwa na vyeo vya Bwami? Na makanisa ya hapa, ambayo mengi yanafundisha kwamba vitu hivyo ni vya shetani, yatasema nini? Mchungaji anayemwomba muumini achome sanamu ya babu yake anaamini anafuata Biblia. Mudimbe angemwuliza kama hajafuata pia ile hatua ya kwanza ya kucheka, aliyoirithi toka kwa watu ambao hawakujua hata jina la sanamu hiyo. Mchungaji anaweza kuwa na jibu. Lakini kwanza aulizwe, na wazee nao wawe wamekaa hapo.

Kuna kazi moja isiyongoja Ubelgiji. Wazee wanaojua methali za Bwami, maana ya vitu vyake na taratibu za lubunga wanapungua kila mwaka, na vita vimewatawanya wengi hadi kambi za wakimbizi za Tanzania na Burundi. Simu yenye uwezo wa kurekodi iko leo karibu katika kila nyumba. Kijana akimrekodi bibi au babu yake kwa Kibembe au kwa Kiswahili, akauliza jina la aliyemfundisha, mahali na wakati, na akaandika pia yale ambayo mzee amekataa kusema, anakuwa ameweka kitabu kimoja kwenye maktaba ambayo Burton hakuianzisha. Watoto wake nao watakuwa na haki ya kukihoji.